Nasoma mara kumi halafu nasahau: kichwa kimezeeka au narudia vibaya?

"Assalaam aleykum mwalimu. Nipo Tanga, Makorora, nina miaka 41 na watoto watatu. Nilimaliza form four 2002 nikapata ziro, mwaka huu nimejiandikisha kurudia mtihani kama praiveti, nataka cheti nikasomee ualimu wa chekechea, imebaki miezi mitano. Nauza maandazi na chai asubuhi kwa hiyo naamka saa kumi alfajiri, kusoma kwangu ni usiku watoto wakishalala, saa tatu mpaka saa sita. Shida yangu nasoma notisi mara nane mpaka kumi, mada hiyo hiyo moja, naona kabisa imeingia, nikiamka hamna kitu. Daftari la baiolojia nimelinakili lote upya kwa peni za rangi, wapi. Mwanangu wa form two anasoma mara moja anaondoka nayo. Kinachonishangaza, Juzuu Amma, ile juzuu ya mwisho ya Qur'ani, niliyohifadhi chuoni (madrasa) nikiwa na miaka tisa ninayo yote mpaka leo. Je ubongo umeshazeeka? Jirani ananiambia kuna vidonge vya kumbukumbu vinauzwa. Mwanangu ananiambia mama unakariri ndio maana. Nifanyeje?"

Waaleykum salaam dada yangu, na hongera kwa kurudi kwenye madaftari, maana baada ya miaka ishirini na kitu wengi wanaishia kusema tu.

Kwenye swali lako naona hofu mbili. Moja umeiandika, kwamba kichwa kimechoka. Ya pili hujaiandika ila naisikia, kwamba ile ziro ya 2002 ndio ulikuwa uwezo wako halisi na haya masaa matatu unayokesha kila usiku yanakuthibitishia tu. Zote mbili nazikataa, na sikatai ili kukufariji, nakataa kwa ushahidi ulioleta mwenyewe. Mtu mwenye kichwa kibovu hawezi kukaa na sura 37 za Juzuu Amma kwa miaka thelathini na zaidi. Kwa hiyo kichwa kipo. Swali ni kwanini kilishika vile na hakishiki baiolojia, na jibu lake ni namna unavyorudia.

Tuanze na uzee tuumalize. Ni kweli kasi ya kushika mambo mapya inapungua kidogo kidogo mtu anavyoongeza umri, ila kwa miaka 41 kilichopungua ni kidogo mno, hakiwezi kueleza mada nzima kupotea usiku mmoja. Kinachoeleza ni kwamba binadamu wote wanasahau hivyo hivyo. Mtu wa kwanza kupima kusahau kwa hesabu alikuwa Mjerumani, Hermann Ebbinghaus, kitabu chake kilitoka 1885. Alijitungia silabi zisizo na maana, zaidi ya elfu mbili, akawa anahifadhi fungu moja, analiacha, halafu analirudia kuangalia safari hii kazi imepungua kiasi gani. Ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu ya faida ilikuwa imeyeyuka, baada ya siku moja imebaki kama theluthi, baada ya mwezi kama sehemu ya tano. Na alipokuwa anajipima hivyo alikuwa hajafika hata miaka 35. Sasa zile silabi zilikuwa za ovyo makusudi, kitu chenye maana kinakaa zaidi, lakini mwendo ni ule ule, unapoteza nyingi haraka mwanzoni halafu kinachobaki kinapotea polepole. Wewe ukiamka asubuhi unakutana na jambo la kawaida kabisa unaliita ugonjwa.

Na huyo kijana wako tusimwonee wivu bure. Hasomi mara moja. Amemsikia mwalimu darasani, ameulizwa akakosea mbele ya wenzake, kafanya homuwaki, wiki ikiisha wana jaribio, halafu usiku ndio unamuona kashika daftari dakika kumi anafunga. Wewe umehesabu hiyo mara ya mwisho peke yake.

Huyo huyo Ebbinghaus aliona jambo lingine ambalo kwako wewe ni la thamani zaidi. Marudio 68 aliyoyafanya kwa mkupuo siku moja yalimsaidia kesho yake sawasawa na marudio 38 aliyoyatawanya kwenye siku tatu. Kazi karibu nusu, matokeo yale yale. Toka wakati huo jambo hili limepimwa kwa watoto, kwa wanafunzi wa chuo, kwa wanaojifunza lugha, mpaka kwa wanyama, linajirudia tu. Sasa rudi kwako. Mara nane mpaka kumi, mada moja, usiku mmoja, halafu unaiacha. Marudio unayo tele, ila yote umeyalundika sehemu moja.

Kwanini kutawanya kusaidie? Hapa nivumilie kidogo niingie ndani ya kichwa. Ubongo una seli za neva bilioni 86 hivi, na unapojifunza hakuna chumba kinachojaa huko ndani, kinachobadilika ni maungio kati ya seli na seli, yanaitwa sinapsi. Seli mbili zikifanya kazi pamoja mara kwa mara ungio lao linapata nguvu, ujumbe unapita kirahisi zaidi. Mwaka 1973 watafiti wawili, Tim Bliss na Terje Lømo, walilionyesha hilo kwenye ubongo wa sungura, waliupiga umeme kidogo wakaona maungio yanabaki na nguvu masaa mengi baadae. Kisha akaja Eric Kandel wa Marekani, yeye akamchukua konokono mkubwa wa baharini, kwa sababu mnyama huyo ana seli za neva kama elfu ishirini tu na nyingine kubwa unaziona kwa macho. Akimshtua mara moja, konokono anakumbuka dakika chache. Akimshtua mara kadhaa kwa kupumzisha katikati, anakumbuka siku nyingi, na ndani ya seli unakuta protini mpya zimetengenezwa na maungio mapya yameota. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 2000.

Jambo la kushika hapo ni kwamba kumbukumbu ya muda mrefu ni kitu kinachojengwa, na ujenzi wake unachukua masaa na siku. Unga wa maandazi ukishaukanda vya kutosha unaufunika unauacha uumuke, ukiendelea kuukanda saa nzima unachoka mkono tu. Ile mara ya tano mpaka ya kumi unayosoma usiku huo huo unakanda unga ambao ungetakiwa uwe umefunikwa.

Hiyo ni nusu ya tatizo. Nusu ya pili ndiyo kubwa zaidi na wengi hawaambiwi.

Chukua sarafu ya jero. Kwa siku unashika ngapi pale mezani kwako? Sasa bila kuitoa, nichoree. Nyati anaangalia kulia au kushoto? Maandishi yameandikwa wapi, juu au chini, na yanasemaje? Mwaka 1979 Wamarekani wawili, Nickerson na Adams, waliwafanyia watu jaribio hilo kwa senti yao moja ambayo wameishika toka utotoni, na wengi wakashindwa kuichora sawasawa. Kuona kitu mara elfu hakukufanyi ukikumbuke, kunakufanya ukitambue tu ukikiona tena, na kutambua na kukumbuka ni mambo mawili tofauti kabisa. Ukisoma notisi mara ya nane macho yanateleza, kila sentensi unaijua kabla hujaimaliza, ndani unasikia "hii ninayo". Unachokisikia ni kuzoea ukurasa. Kwenye chumba cha mtihani ukurasa haupo.

Kuna utafiti wa mwaka 2006 wa Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, Marekani, napenda kuwaonyesha wanafunzi wangu maana unauma. Walichukua vijana wa chuo wakawapa habari fupi ya kusoma. Kundi moja wakaisoma vipindi vinne mfululizo. Kundi lingine wakaisoma kipindi kimoja, kisha vipindi vitatu wakawa wanafunika karatasi wanaandika chochote wanachokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara nne walikuwa mbele, asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki wale wa mara nne wamebaki na 40, wale waliojivuta, yani waliovuta majibu wenyewe kutoka kichwani, wana 61. Na mwanzoni walipoulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani wiki ijayo, waliojiamini zaidi ni wale wale wa mara nne! Sasa wewe unajipima lini? Saa sita usiku, dakika tano baada ya kufunga daftari. Unajipima muda ambao njia mbaya inaonekana nzuri.

Kila unapokivuta kitu kutoka kichwani bila kukiangalia, njia ya kukifikia inaimarika. Na inaimarika zaidi pale unapokivuta kwa shida, yani umeshaanza kusahau, unahangaika, unakipata. Ndio maana kutawanya na kujivuta ni ndugu, ukiacha siku mbili zikapita unasahau kidogo, na huko kusahau kidogo ndiko kunakofanya safari ya kurudi iwe na faida. Kwa hiyo ukikaa chini ukaona limepotea, sio dalili kwamba jana ulipoteza muda.

Sasa Juzuu Amma. Kumbuka chuoni mlivyokuwa mnasoma. Ustadhi anakupa aya chache, hakupi sura nzima. Unakwenda pembeni unazirudia, halafu unarudi mbele yake, msahafu umefungwa, unamsomea kwa kichwa na ukikosea anakusahihisha pale pale, wakati mwingine na bakora (hilo la bakora silipendekezi). Kesho kabla ya aya mpya unaanza na za jana. Wiki ikiisha mnadurusu za nyuma. Halafu kuna kitu ambacho pengine hujawahi kukihesabu kuwa ni masomo, toka utoto unaswali, na ndani ya swala hakuna karatasi, sura fupi unazitoa kichwani leo, kesho, mwezi ujao, mwaka ujao, na Ramadhani kwenye tarawehe unazisikia tena zote. Umejifanyia mtihani uliotawanywa kwa miaka thelathini. Tena ukitaka kujua nguvu ya hilo, angalia sura unazozisoma kwenye swala mara kwa mara na zile ndefu ndefu za mwanzo wa juzuu kama An-Naba au An-Naziat, ipi inakuja bila kusita? Mapigo na vina navyo vinasaidia, sitakuficha, notisi za baiolojia hazina vina.

Ila Juzuu Amma inatufundisha na udhaifu wa marudio. Mtu akikukatizia katikati ya sura akakwambia endelea hapo, mara nyingi unalazimika kurudi mwanzo ushuke nayo mpaka ufike. Ubongo umeshika mnyororo, kila aya inavuta inayofuata. Kwa kusoma sura hilo halina tatizo. Kwa mtihani ni balaa, maana swali la baiolojia halianzii mwanzo wa daftari lako. Hapo ndipo mwanao ana haki nusu. Kukariri sio dhambi, kuna vitu lazima viwe kichwani tu, majina, tarehe, fomula, na mtu asiyekumbuka chochote hana cha kufikiria nacho. Kosa ni kukariri kwa mpangilio mmoja na bila kuuliza kwanini.

Nikuonyeshe na mada moja, moyo na mzunguko wa damu, lazima unayo. Siku ya kwanza soma mara moja, taratibu, kwa lengo la kuelewa, na ukiona sentensi huielewi usiivuke. Funga daftari. Chukua karatasi tupu chora moyo wako mbovu mbovu uandike damu inavyopita: kutoka mwilini kwa vena kava inaingia atriamu (chumba cha juu) ya kulia, inashuka ventrikali (chumba cha chini) ya kulia, inakwenda mapafu kwa ateri ya mapafu, inarudi kwa veni ya mapafu mpaka atriamu ya kushoto, ventrikali ya kushoto, inatoka kwa aota. Utakwama, pengine mahali pawili. Usifungue haraka, jikune kichwa kama dakika moja, ndio ufungue urekebishe kwa peni nyingine (peni za rangi tumezipatia kazi). Hiyo ni dakika ishirini na tano, imetosha, nenda mada nyingine.

Kesho, kabla hujagusa daftari, chora tena. Safari hii jiulize kwa kuvuruga: nipo kwenye veni ya mapafu, nimetoka wapi naenda wapi? Ateri gani inabeba damu isiyo na oksijeni ya kutosha? Kwanini ukuta wa ventrikali ya kushoto ni mnene kuliko wa kulia? Ukiweza kujibu hilo la mwisho kwa maneno yako, kwamba wa kushoto unasukuma damu mwili mzima na wa kulia unasukuma mapafuni hapo jirani tu, basi huhitaji tena kukariri kwamba ni mnene, umeshajua hauwezi kuwa mwembamba. Kisha iache siku tatu nne, irudie, iache wiki, irudie, iache wiki tatu. Namba hizo sio sheria. Kuna utafiti mkubwa wa mwaka 2008 wa Nicholas Cepeda na wenzake, watu zaidi ya 1,300, ulioonyesha pengo zuri linategemea unataka kukumbuka mpaka lini: mtihani ukiwa wiki moja mbele pengo la siku moja hivi linafaa, ukiwa mwaka mmoja mbele pengo la wiki tatu hivi. Wewe una miezi mitano, kwa hiyo ukianzia siku moja ukapanua mpaka wiki mbili tatu upo salama.

Kufuatilia mada zote hizo kichwani haiwezekani, na simu itakuletea vishawishi. Kata maboksi ya majani ya chai vipande vipande, upande mmoja swali upande wa pili jibu, tafuta makopo matatu. Kopo la kila siku, kopo la kila wiki, kopo la kila baada ya wiki tatu. Ukijibu sahihi kadi inahamia kopo la mbele, ukikosea inarudi kopo la kwanza bila huruma. Mwandishi mmoja, Sebastian Leitner, alieleza mtindo wa namna hii mwaka 1972 na programu nyingi za simu za kujifunzia lugha zimeuchukua kwake. Kadi tano weka mfukoni mwa khanga, ukisubiri mafuta yapate moto jiulize moja. Usichague rahisi. Na ukishakuwa na mada kadhaa changanya, moyo, usagaji wa chakula, Vita vya Majimaji, halafu rudi moyo. Utajikwaa zaidi, ndio inavyotakiwa.

Nikuonye kabla hujaanza. Njia hii itakufanya ujisikie mjinga. Wiki mbili za mwanzo utatamani kurudi kwenye kusoma mara kumi, maana kule ulikuwa unalala na furaha. Huko Uingereza miaka ya sabini Baddeley na Longman waliwafundisha wafanyakazi wa posta kuchapa kwenye kibodi, wengine saa moja kwa siku, wengine mpaka masaa manne. Wa saa moja kwa siku walihitaji masaa machache kuliko wenzao kujua kazi, na ndio hao hao hawakuridhika na ratiba yao, waliona wenzao wanakimbia wao wanatambaa. Hisia ya "naenda haraka" ni mshauri mbaya sana kwenye kusoma.

Je kusoma tena kuna maana yoyote? Ipo, mara ya kwanza kwa kuelewa na baada ya kukwama kwa kurekebisha. Kunakili daftari zima kwa rangi, hapana, dada yangu, mkono ulikuwa unafanya kazi kichwa kimelala. Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake walipitia mbinu kumi za kusomea, kupiga mistari na kusoma tena wakaviweka kundi la faida ndogo, kujipima na kutawanya wakaviweka juu kabisa.

Sasa usingizi, na hapa sitakuwa mpole. Unalala saa sita unaamka saa kumi, masaa manne. Kitu ulichojifunza mchana kinashikwa kwanza na sehemu ya ubongo inaitwa hipokampasi, na ukiwa umelala usingizi mzito ubongo unakipitia tena na kukihamisha taratibu kwenda kukaa sehemu za kudumu. Ukikata usingizi unakata hayo marudio ya bure, na kesho yake hipokampasi iliyochoka inapokea vibaya. Ratiba yako inanunua saa moja la kusoma kwa kuuza kazi ya masaa mawili. Najua maandazi hayasubiri na siwezi kukwambia ulale masaa saba kama mtu asiye na biashara. Ila angalia hivi: ukimaliza kuuza, kama saa nne au saa tano asubuhi, nusu saa ya kadi. Mchana jua likiwa kali, Tanga nzima inajilaza, jilaze na wewe hata nusu saa bila aibu. Alasiri nusu saa nyingine. Usiku saa tatu mpaka saa nne, mada mpya moja, lala. Kwa karatasi masaa yamepungua kutoka matatu mpaka mawili, kwa kichwa yameongezeka. Bado usingizi hautoshi, ila ni afadhali kubwa kuliko sasa.

Kuna na suala la lugha, hukulitaja lakini kwa wanaorudia mtihani nalikuta kila mara. Baiolojia unaulizwa kwa Kiingereza. Inawezekana nusu ya hizo mara kumi ulikuwa unarudia sauti za maneno usiyoyaelewa, na hapo marudio ya aina yoyote hayasaidii sana. Mada ielewe kwanza kwa Kiswahili, jielezee kwa sauti, mweleze hata anayekusaidia kukaanga, kama yupo. Ukishaielewa ndio ujizoeze kuijibu kwa Kiingereza cha pasti pepa, sentensi fupi fupi. Kumweleza mtu ni kujivuta pia, tena ni kuzuri maana mtu anauliza "kwanini" mahali ambapo wewe uliparuka.

Vidonge, mwambie jirani asante. Ginkgo, dawa ya majani ya mti, ni maarufu sana kwenye hizo dawa za kumbukumbu, ilijaribiwa Marekani kwa wazee zaidi ya 3,000 kwa miaka kadhaa, majibu yakatoka 2008, haikuwazuia kupata ugonjwa wa kusahau wa uzeeni (dimensia). Vinywaji vya kukesha vinakupa macho makavu tu na kuharibu usingizi tuliokwisha kuubana. Zabibu na asali ambazo watu husema zinaongeza kumbukumbu kula, ni tamu. Kombe, yani kunywa maji yaliyooshewa maandishi ya aya, ni imani ya mtu siingilii, ila usiku huo huo fanya na kadi.

Mwisho wa yote kuna mambo ambayo mimi kwa maandishi siwezi kuyamaliza, yanataka uonwe. La kwanza macho. Kwa umri wako jicho linaanza kushindwa kuona karibu, ukijikuta unasogeza daftari mbali au kichwa kinauma ukisoma dakika ishirini, nenda kitengo cha macho hospitali ya Bombo au popote wanapopima, miwani ya kusomea inaweza kukurudishia nusu ya nguvu unayoipoteza bila kujua. La pili, ukiwa unachoka hata siku uliyolala, mapigo ya moyo yanakwenda mbio ukipanda ngazi, hedhi ni nzito, pima damu, upungufu wa damu unafifisha akili kabisa, na waombe waangalie na tezi ya shingo. Kama unameza dawa za mafua au mzio zinazoleta usingizi, waambie. La tatu, kama kwa zaidi ya wiki mbili hamna kinachokupa raha, unalia ovyo au unaona maisha hayana maana, hiyo ni sonona inaharibu kumbukumbu na inatibika, usiisubiri ipite. Na kuna kusahau ambako sio kwa mtihani: kupotea njia unayopita kila siku, kuuliza swali lile lile mara tatu ndani ya saa moja, kushindwa kurudisha chenji ulizozoea kuhesabu, au watu wa nyumbani kukwambia umebadilika. Hayo sijayaona kwenye barua yako, ukiyaona nenda hospitali mapema. Kikija ghafla, pamoja na mdomo kupinda au mkono kuishiwa nguvu, nenda dakika hiyo hiyo.

Wala sitaki uniamini kwa sababu nimetaja majina ya wazungu. Chukua mada mbili ambazo hujazigusa, zenye urefu sawa. Moja isome kwa mtindo wako wa zamani, nyingine kwa huu wa kufunika na kujivuta kwa siku tofauti, muda wa jumla uwe sawa kabisa, pima kwa saa. Zote ziache siku saba bila kuzigusa. Halafu mpe mwanao daftari akuulize maswali kumi kumi, yeye ndiye asahihishe, na mwambie asikuhurumie. Alama zikilingana niandikie, na uniambie ni mada gani ulizochagua, tuangalie pamoja kilichotokea.